Umerudi na godoro, digrii bado: namna ya kumaliza shahada ya mawasiliano ya umma

Julai 2023 nilishuka stendi ya Songea na godoro limefungwa kwa kamba ya katani, ndoo mbili na begi la madaftari. Kwa lugha ya mtaani, mtu akirudi na godoro amemaliza. Majirani wakaja kunipa hongera, mama akachinja jogoo, na mimi nikaitikia asante kila nilipopongezwa. Sikuwa nimemaliza chochote. Utafiti wangu ulikuwa haujakabidhiwa, na kwenye mfumo wa matokeo kozi moja ya mwaka wa kwanza ilikuwa haina alama. Joho nililivaa 2025, mwaka wa mwisho kabisa ambao kanuni za chuo chetu zingeniruhusu, kwa sababu kwetu digrii ya miaka 3 ina ukomo wa miaka 5.

Najua siko peke yangu. Kwenye grupu letu la WhatsApp la darasa, kila picha za joho zikianza kumiminika, kuna watu wananyamaza kabisa. Wakirudi, wanarudi na salamu za sikukuu. Hao nawatambua kwa ukimya wao, maana miaka miwili nilinyamaza nao. Hawakudisko, yaani hawakuondolewa chuo kwa kufeli, wala hawakuwa wazito darasani. Digrii yao imening'inia kwenye vitu vidogo: sapu moja (mtihani wa marudio) haikufanywa, logibuku (daftari la kazi za kila siku) ya fildi, yale mafunzo kazini, haina mhuri, utafiti umekwama sura ya tatu. Haya ninayoandika ni kwa ajili yao, na kwa wewe uliye mwaka wa pili unayedhani hayakuhusu.

Nijitambulishe kidogo. Mimi ni mtangazaji wa redio, na nilianza kazi na cheti tu. Sheria ya Huduma za Habari ikapita 2016, kanuni zake zikatoka 2017, tukapewa miaka 5 kila mwandishi awe na angalau stashahada. Nikaenda kusoma stashahada kwa kusukumwa na sheria, nikaipenda shule katikati ya safari. Nikatoka na GPA, yaani wastani wa alama, iliyozidi 3.0, kiwango cha chini kinachomfungulia mtu mlango wa digrii akitokea stashahada. Novemba 2020 nikaanza chuo nikiwa na umri ambao wenzangu darasani waliniita "maza".

Kwanza, faili

Nunua faili gumu, lile la kufunga kwa kamba. Kila karatasi yenye alama yako au jina lako iingie humo: karatasi za majaribio zilizorudishwa, fomu za usajili za kila semista, risiti za ada, barua ya fildi, nakala ya kila asaimenti uliyokabidhi. Usiseme zipo kwenye mfumo. Mfumo nao huingiziwa alama na binadamu.

Yaliyonikuta ni haya. Kozi ya Stadi za Maendeleo, ile DS ambayo kila mtu anaisoma mwaka wa kwanza, UE, yaani mtihani wa mwisho wa semista, nilifanya, na kosiweki, yaani majaribio na kazi za katikati ya semista, nilifanya. Mwaka wa tatu naangalia matokeo, pale kwenye kosiweki pana mstari mtupu. Kosiweki ni alama 40, mtihani 60, kwa hiyo bila kosiweki kozi nzima haina daraja. Mhadhiri alishahamia chuo kingine. Ofisi ya kwanza ikanituma ya pili, ya pili ikanirudisha ya kwanza, na hapo ndipo nilipofunga godoro nikarudi nyumbani kwa hasira.

Mwaka uliofuata, nikipekua sanduku kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mwanangu, nikaikuta karatasi ya jaribio la kwanza la DS. Alama 14 kati ya 20, wino mwekundu, sahihi ya mhadhiri. Niliitunza kwa bahati tu, kwa sababu nyuma yake nilikuwa nimeandika orodha ya sokoni: vitunguu, mkaa, vocha, sabuni ya kipande. Jaribio la pili alikuwa nalo mwenzangu, maana lilikuwa kazi ya grupu na majina yetu sita yalikuwa juu. Nilipozipeleka karatasi hizo mbili, afisa mitihani akazigeuza, akasoma orodha ya sokoni, akacheka, kisha akazipeleka kwa mkuu wa idara. Wiki tatu baadaye alama zikaingia. Mwaka mzima wa hasira ukamalizwa na karatasi mbili.

Kila semista ikiisha, kabla hujapanda basi, fungua mfumo wa matokeo na uhesabu kozi moja moja. Penye pengo, lidai siku hiyo hiyo kwa barua, na nakala iliyogongwa muhuri wa "imepokelewa" iingie kwenye faili. Mhadhiri akiwa bado yupo jengo lile lile, suala hilo ni la dakika kumi.

Pili, hesabu ya GPA ambayo hakuna aliyenifundisha

Kwa mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, digrii ya kwanza ina angalau krediti 360, na krediti 1 inahesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza. A ina pointi 5, B+ 4, B 3, C 2. Unazidisha pointi kwa krediti za kozi, unajumlisha zote, unagawanya kwa jumla ya krediti. Kuanzia 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 ni daraja la pili la chini. Sasa tazama hesabu yangu mwenyewe nikiwa nimebakiza utafiti tu, ambao kwetu ni krediti 16. Krediti 344 nilizokwisha kuzifanya zilinipa pointi 1,198. Utafiti nikipata B, naongeza 48, inakuwa 1,246. Gawanya kwa 360, ni 3.46, na chuo changu hukata desimali, hakikadirii juu, kwa hiyo 3.4. Nikipata B+, naongeza 64, inakuwa 1,262, ni 3.505. Hiyo ni 3.5.

Daraja zima lilikuwa limelala kwenye ile kazi moja niliyoikimbia. Fanya hesabu hii mwanzoni mwa mwaka wa tatu, si mwishoni. Itakuonyesha pia mahali ambapo huna haja ya kujiua: kozi ya krediti 8 ukipanda kutoka B kwenda B+ unaongeza pointi 8, wakati utafiti wangu ukipanda hatua hiyo hiyo unaongeza 16.

Fildi

Hapa nitapita haraka. Wengi hukimbilia kituo kikubwa cha Dar, wakifika wanatumwa chapati na kukaa kwenye kochi la mapokezi wiki nane. Nenda kituo kidogo cha mkoani kwenu, ambako mtu mmoja akiugua wewe ndiye unayesoma taarifa ya saa nne. Logibuku ijaze jioni ile ile na isainiwe kila Ijumaa. Mwenzetu mmoja alisubiri asainiwe yote siku ya mwisho, msimamizi wake akawa amesafiri kwenda msibani, akarudi nayo tupu.

Sasa utafiti, ambako ndiko tunakozama

Mada yangu ya kwanza iliitwa, kwa Kiingereza kirefu chenye majigambo, Nafasi ya Vyombo vya Habari katika Maendeleo ya Wakulima Tanzania. Supavaiza wangu, mhadhiri anayenisimamia utafiti, aliizungushia kalamu na kuandika pembeni maneno mawili: "Utamaliza lini?" Nilidhani ananidharau. Nikaendelea nayo.

Nikatengeneza dodoso la kurasa 4. Idadi ya watu wa kuwauliza nikaitafuta kwa fomula ya Yamane, ile ambayo kila mwanafunzi wa Tanzania anaipachika sura ya tatu hata kama hajui inatoka wapi. Chukua kijiji chenye kaya 1,200. Kwa kosa la asilimia 5, yaani kiasi unachokubali matokeo yako yapishane na ukweli, unapata 1,200 ÷ (1 + 1,200 × 0.0025), yaani 1,200 ÷ 4, kaya 300. Madodoso 300 ya kurasa 4 ni kurasa 1,200, na steshenari ya jirani na kwetu ilikuwa inachapa ukurasa kwa shilingi 100. Laki moja na ishirini, kabla hujapanda bodaboda hata moja. Ukikubali kosa la asilimia 10, kaya zinashuka hadi 93. Fomula haikukataza, mimi ndiye niliyeona aibu kuandika namba ndogo.

Kabla ya kuchapa nikaenda kulijaribu dodoso kwa watu 12 katika kijiji kimoja nje ya mji. Namshukuru Mungu nilifanya hivyo. Swali la sita lilikuwa limetafsiriwa kutoka Kiingereza cha proposo, lile andiko la kuombea kufanya utafiti. Nikamsomea mzee mmoja aliyekuwa anapukuchua mahindi kibarazani: "Mzee, mawasiliano kati ya wananchi na halmashauri hapa yakoje?"

Akaacha kupukuchua, akanyoosha fimbo kuelekea shambani. "Mpaka upande kichuguu kile, mwanangu. Hapa chini hayashiki."

Miaka mitatu nasoma mawasiliano, na neno lenyewe kwa mtu niliyetaka kumwuliza maana yake ni mtandao wa simu. Alikuwa sahihi; niliyekosea kuuliza ni mimi. Nikalifuta swali, nikauliza hivi: "Mara ya mwisho kusikia jambo la halmashauri, ulilisikia kwa nani?" Akajibu bila kufikiri: kwa mwanawe wa pili, mwenye kusikiliza redio kwenye simu. Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka Lazarsfeld na wenzake, watafiti ambao waliufuatilia uchaguzi wa Marekani wa 1940 katika wilaya ya Erie, Ohio, wakaona kwamba habari nyingi haziruki moja kwa moja kutoka redioni hadi kwa mpiga kura, zinapitia kwa mtu anayeaminika. Nadharia ile ya hatua mbili niliikariri kwa ajili ya UE. Mzee yule alinipa mfano wake akiwa na gunzi mkononi.

Kwa hiyo: andika maswali yako kwa Kiswahili kwanza, Kiswahili cha mahali unapokwenda, ndipo uyapeleke Kiingereza kwa ajili ya kiambatisho. Kisha mpe mtu ambaye hajaiona nakala ya Kiswahili atafsiri kile Kiingereza kirudi Kiswahili. Zikitofautiana, swali lina ugonjwa. Na usiende kijijini bila karatasi: barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, yeye anakuandikia kwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, mkurugenzi anakupeleka kwa mtendaji wa kata, na mtendaji anakuonyesha kwa mwenyekiti wa kijiji. Mnyororo huo ulinila siku 19. Uweke kwenye ratiba yako kama kazi kamili.

Punguza mpaka uone aibu

Mada ile ilinifia mikononi. Nikakaa miezi minane bila kumwandikia supavaiza. Ukweli ni kwamba nilikuwa namkimbia. Nikiona jina lake kwenye simu moyo unapiga. Siku moja usiku baada ya zamu nikamtumia ujumbe: "Shikamoo Dokta. Nimepotea, naomba radhi. Nina swali moja la utafiti la mistari miwili, naomba nikutumie." Dakika kumi hazikupita: "Marahaba. Tuma."

Swali lilikuwa hili: Katika kipindi cha kilimo cha mchana cha redio moja ya kijamii, wanawake wanaopiga simu wanazungumzia nini, na wanapewa muda gani ukilinganisha na wanaume? Redio moja, kipindi kimoja. Nilichagua kituo ambacho si changu, ili nisijipime mwenyewe.

Kilichonipa ujasiri wa kwenda na swali dogo namna hiyo ni kurudi kusoma utafiti wa McCombs na Shaw. Tunaimba nadharia yao ya upangaji ajenda, kwamba vyombo vya habari huwapangia watu mambo ya kuona muhimu, utadhani ilishuka kutoka mbinguni. Walichofanya ni kuwahoji wapiga kura 100 ambao hawajaamua, katika mji mmoja tu, Chapel Hill, wakati wa uchaguzi wa Marekani wa 1968, na kulinganisha waliyoyaona kuwa muhimu na yale yaliyoandikwa na kutangazwa na vyombo vilivyowafikia. Ukachapishwa 1972. Watu 100, mji mmoja. Na sisi huku mwanafunzi wa digrii ya kwanza anataka kuipima Tanzania nzima kwa nauli ya bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi.

Mfano wa hapa nyumbani nao ulinisaidia kuelewa kwa nini tunalinganisha. Mchezo wa redio wa Twende na Wakati ulianza kurushwa na Radio Tanzania 1993, kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Mtambo wa Dodoma haukuurusha mpaka 1995. Eneo lile lilirushiwa vipindi vingine, ili watafiti, akiwamo mtaalamu wa mawasiliano Everett Rogers, waweze kupima mabadiliko kwa waliousikia dhidi ya wasiousikia. Huhitaji mtambo wa redio. Unahitaji kujiuliza "ukilinganisha na nini?" kabla hujaandika hitimisho kwamba redio imesaidia sana.

Namna nilivyofanya uchambuzi wa maudhui

Kazi hii ni kuvisikiliza vipindi vyenyewe na kuhesabu yanayosemwa. Kwanza, kaulize kama rekodi za vipindi zipo. Mimi niliandika proposo ya mwaka mzima, nikaenda kituoni, fundi mitambo akaniambia kwa upole kwamba diski ikijaa wanafuta. Zimebaki za miezi mitatu. Basi proposo ikawa ya miezi mitatu. Ningeuliza mapema ningeokoa wiki mbili za kuandika.

Miezi mitatu ni wiki 13, na kipindi kinarushwa Jumatatu hadi Ijumaa. Kusikiliza vyote 65 sikuweza, na kuchukua wiki mbili zinazofuatana ni hatari, maana ukikutana na wiki ya msimu wa mbolea au wiki ya ziara ya waziri, matokeo yote yanaelemea huko. Dawa yake ni wiki ya kuundwa. Niliandika tarehe za Jumatatu zote 13 kwenye vikaratasi, nikavitia kwenye kikombe cha plastiki, mwanangu akachomoa viwili. Kisha Jumanne 13, viwili. Mpaka Ijumaa. Vipindi 10, wiki mbili zilizoundwa kutoka wiki tofauti. Riffe, Aust na Lacy walionyesha 1993 kwamba kwa gazeti la kila siku wiki mbili za namna hii zinatosha kuwakilisha mwaka mzima, kwa hiyo kwa miezi mitatu ya kipindi changu sikuwa na wasiwasi, ingawa niliandika wazi kwamba wao walipima gazeti na mimi napima redio. Mtahini alilipenda hilo.

Kisha unatengeneza jedwali. Kila simu mstari wake: tarehe, jinsia ya sauti, sekunde alizozungumza, aina ya alichosema, na kama mtangazaji alimkata kauli. Mstari huo wa mwisho niliuongeza baada ya kusikiliza kipindi cha kwanza. Nilipausi nikaenda kunywa maji. Namna yule kaka alivyokuwa akiwaharakisha akina mama, "haya mama, kwa kifupi, kwa kifupi", ilikuwa ndiyo namna yangu mimi studio.

Usikodi peke yako, yaani usiziainishe simu hizo kwa makundi ukiwa peke yako. Nilimwomba mwenzangu wa darasani, tukakaa kila mtu na nakala yake, tukapanga simu 40 zile zile bila kuchunguliana. Tukalingana kwenye 34. Kwa fomula ya Holsti, inayopima wakodi wawili wamekubaliana kiasi gani, ni 2 × 34 gawanya kwa 40 + 40, sawa na 0.85. Inatosha, lakini zile 6 tulizopishana ndizo zilizonifundisha zaidi. Karibu zote zilikuwa simu za aina moja: "Mbolea ya ruzuku inafika lini?" Mimi niliziandika swali. Yeye aliandika lalamiko. Tukabishana nusu saa nzima, chai ikapoa. Mwishoni tukatunga kanuni: mpigaji akitaja kwamba amekwisha kusubiri, kulipa au kurudi mara ya pili, ni lalamiko, asipotaja, ni swali. Kanuni hiyo ikaingia kwenye mwongozo wa kukodi, ukurasa wa kiambatisho, na siku ya kuutetea utafiti mbele ya watahini ndilo jambo la kwanza nililoulizwa. Nilikuwa nalo jibu kwa sababu tulibishana.

Nikaongeza mahojiano sita na wanawake wasikilizaji. Ushauri wa mtu aliyeungua: kabla ya kuanza, rekodi nusu dakika, isikilize. Mahojiano yangu ya kwanza yana dakika 40 za mashine ya kusaga na kuku aliyetaga. Mama wa watu nilimrudia wiki iliyofuata na sukari kilo moja, naye kwa ukarimu wake akaanza upya. Mahojiano sita ya dakika 40 ni saa 4 za sauti, na kila saa moja ilinila saa 5 kuiandika. Saa 20 za kubonyeza na kurudisha. Usipange "siku moja ya kuandika mahojiano".

Nukuu ziandike kwanza kwa Kiswahili kama zilivyotoka, kisha tafsiri, na Kiswahili kikae kwenye kiambatisho. Hata hoja zangu mwenyewe nilizipanga kwa Kiswahili, ndipo nikaziandika Kiingereza. Sura ya nne ilikuwa imenigomea miezi miwili kwa sababu nilikuwa natafuta Kiingereza cha kitu ambacho sijakielewa bado kwa lugha yoyote.

Kuhusu akili mnemba, nitasema moja tu. Wadogo zangu wananiletea rasimu niwasomee, nafungua orodha ya marejeo, nakuta makala tatu zilizotungwa na akili mnemba, hazipo duniani, ila zina jina, mwaka na jarida. Programu ya kupima wizi wa maandishi haitakukamata hapo. Mtahini mwenye dakika tano na intaneti atakukamata. Usiandike rejeo ambalo hujalifungua kwa macho yako.

Kwa supavaiza

Usimpelekee sura nzima na swali "Dokta, unaonaje?". Mpelekee kurasa chache na swali moja ambalo anaweza kulijibu akiwa kwenye foleni. Kila mkikutana, andika aya fupi ya mlichokubaliana, mtumie jioni ile ile. Sisi tulifanya hivyo Alhamisi tatu kati ya nne kwa miezi mitano, na alipopata safari ya nje ya nchi aliyemshikia nafasi alisoma zile aya akajua tulipofika.

Kubaindi na kliarensi

Ukishapita, unapewa masahihisho. Tengeneza jedwali la safu tatu: alichosema mtahini, ulichobadilisha, ukurasa gani. Idara inasaini haraka ikiona jedwali, maana haimlazimu mtu kusoma upya kurasa 70. Kisha ndipo ubaindi, yaani ufunge utafiti wako kwa jalada gumu, kwa rangi ambayo kitivo chako kinataka. Uliza kabla, kwa sababu fundi wa steshenari atakubaindia rangi aliyonayo.

Fomu ya kliarensi, ya kuthibitisha kwamba chuo hakikudai kitu, ianzie maktaba. Kitabu kimoja ulichomwazima mwenzako kwa kadi yako kinaweza kukuzuilia kila kitu, na mwenzako yuko Kahama. Ofisi ya fedha iwe ya mwisho, ukiwa na risiti zako zote kwenye lile faili. Majina yako yafanane na ya cheti cha kidato cha nne, herufi kwa herufi. Kama yanapishana, kashughulikie hati ya majina kwa wakili mapema.

Transikripti yangu, ile karatasi ya matokeo yote ya digrii, ilipotoka, jina la baba lilikosa herufi moja, h. Dada wa dirishani akaniambia niichukue tu, haina shida, watu wataelewa. Nikairudisha chini ya kioo. Akaniambia basi njoo alasiri. Nikavuka barabara nikanunua karanga za mia tano, nikarudi nikakaa kwenye benchi lililotazamana na dirisha lake, faili magotini, mpaka saa tisa na robo aliponiita.